Miito ya Vipima-Muda katika Kiini cha Linux: Jinsi Ilivyobadilishwa, na Funzo Lake kwa Watunga Istilahi

Mwenye kutunga istilahi hana budi kukijua kitu kabla ya kukipa jina. Kanuni hii ni ya zamani, lakini katika fani ya kompyuta ni rahisi kuisahau, kwa sababu vitu vyenyewe havionekani kwa macho, na jina la Kiingereza ndilo peke yake lionekanalo. Mtu hulichukua jina hilo, hulitafutia tafsiri katika kamusi, kisha hudhani kwamba kazi imekwisha. Makala haya yaeleza jambo moja dogo la fani hiyo lililotengenezwa upya kati ya mwaka 2017 na mwaka 2025, nalo ni namna viendeshi vya mfumo wa Linux vinavyoomba kuamshwa baada ya muda fulani. Jambo lenyewe ni la mafundi. Hata hivyo, yaliyotengenezwa yalikuwa hasa ni majina na upatanisho, na hayo ni mambo ambayo wanafunzi wa lugha wamezoea kuyapima.

Kiini, kiendeshi na kipima-muda

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland. Sehemu ya ndani kabisa ya mfumo huo huitwa kiini. Kiini ndicho kigawacho kumbukumbu, ndicho kipangacho zamu za programu katika prosesa, na ndicho kisemacho na vyombo vyote vilivyounganishwa na mashine. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua, haziruhusiwi kuvigusa vyombo hivyo zenyewe; hupeleka maombi yao kwa kiini. Nacho kiini, kwa kila aina ya chombo, kina sehemu maalumu izijuayo tabia za chombo hicho, na sehemu hiyo ndiyo kiendeshi. Kuna kiendeshi cha kibodi, cha diski, cha kadi ya mtandao, na vinginevyo vingi. Karibu vyote vimeandikwa katika lugha ya C, iliyobuniwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kiendeshi mara nyingi huhitaji kungoja. Mfano mwepesi ni diski laini ya zamani, ile iliyokuwa ikitiwa mashineni kwa mkono. Mota yake ikizimwa mara tu baada ya kusoma, na ombi jingine likaja papo hapo, itabidi kungoja tena mpaka ishike kasi. Nayo ikiachwa izunguke siku nzima, diski italika bure. Kwa hiyo kiendeshi huiacha mota izunguke kidogo, kwa kawaida sekunde 3, kisha huizima ikiwa hapana ombi lililokuja. Vivyo hivyo kwa kadi ya mtandao: kiendeshi kiitwacho natsemi hutazama kila baada ya sekunde 5 kama waya ungali umeunganishwa.

Haifai prosesa ikae bure ikihesabu sekunde hizo. Kiendeshi huacha agizo kwa kiini kwamba saa fulani ikifika, fanksheni fulani iitwe. Agizo hilo huandikwa katika muundo mdogo wa kumbukumbu uitwao timer_list, na huo ndio uitwao hapa kipima-muda. Jina hilo la Kiswahili limekwisha zoeleka, ingawa kwa kweli kitu chenyewe hakipimi neno. Kinafanana zaidi na nyumba moja katika orodha ya mtu aamshaye watu kula daku: anayetazama saa ni mwamshaji, na nyumba ni mahali pa kupigia hodi tu. Mwenye kutazama saa hapa ni kiini, ambacho huhesabu mapigo, na idadi ya mapigo kwa sekunde huchaguliwa wakati kiini kinapojengwa, ikiwa 100, 250, 300 au 1000.

Mwito wa zamani

Hadi mwaka 2017 kipima-muda kilibeba mambo makubwa matatu. La kwanza ni wakati wa kuita. La pili ni anwani ya fanksheni itakayoitwa. La tatu liliitwa data, na katika makala haya litaitwa amana, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa: kiendeshi kilimkabidhi kiini namba moja, na kiini, bila kujua maana yake, kiliirudisha kwa fanksheni wakati ulipofika.

Amana ilihitajiwa kwa sababu iliyo wazi. Mashine yaweza kuwa na kadi tatu za aina moja, nazo zikahudumiwa na fanksheni ile ile. Fanksheni ikiitwa, lazima ijue imeitwa kwa ajili ya kadi ipi. Basi mwandishi wa kiendeshi aliichukua anwani ya kumbukumbu ya kadi, akaigeuza kuwa namba tupu, akaiweka amana. Mwito wenyewe, ukiandikwa kwa majina ya Kiswahili, ulikuwa hivi:

setup_timer(&k->timer, angalia_waya, (unsigned long)k);

Na fanksheni yenyewe ilianza hivi:

static void angalia_waya(unsigned long amana)
{
    struct kadi *k = (struct kadi *)amana;

Katika mstari wa kwanza, k ambayo ni anwani ya kadi yageuzwa kuwa namba. Katika mstari wa mwisho namba hiyo yageuzwa tena kuwa anwani ya kadi. Kati ya mageuzi hayo mawili kitu hicho hakina aina. Ni namba kama namba nyingine yoyote.

Msomaji wa Kiswahili ataielewa hatari ya hapo kwa kutazama ngeli. Mtu akisema "viti vyangu vile vimevunjika", kila neno lachukua alama ya ngeli ya jina, na mtu akikosea akasema "viti yangu", sikio lashtuka kabla hata maana haijafikiriwa. Sasa na ichukuliwe lugha ambamo msemaji huviondoa viambishi vyote kabla ya kusema, akatamka shina peke yake, -ti. Msikilizaji atakisia: je, ni mti au ni kiti? Ikiwa wote wawili wanalifikiria jambo moja, mazungumzo yataendelea. Ikiwa sivyo, mmoja atakwenda kukaa juu ya mti, na hapana sikio litakaloshtuka, maana kosa halikuonekana katika usemi.

Aina za vitu katika lugha ya C zafanya kazi ya namna hiyo. Kompaila, yaani programu ibadilishayo maandishi ya C kuwa maagizo ya mashine, hukagua kwamba fanksheni iliyotaka kadi imepewa kadi, si diski. Mwandishi anapoigeuza anwani kuwa namba tupu, huwa amemwambia mkaguzi huyo afumbe macho. Mtu akiweka amana ya diski, na fanksheni ikaichukua kama kadi, kompaila haitasema lolote. Kosa litaonekana baadaye, mashine inapofanya kazi, na mara nyingi mbali na pale lilipofanyika.

Silaha mikononi mwa mvamizi

Makosa ya uandishi peke yake huenda yasingeleta juhudi kubwa ya kubadilisha kiini kizima. Jambo lililoongeza uzito ni usalama. Katika kipima-muda cha zamani, anwani ya fanksheni na amana yake zilikaa karibu karibu katika kumbukumbu. Ikiwa mahali pengine katika kiini pana kasoro inayomwezesha mtu kuandika nje ya mipaka aliyopewa, naye akafaulu kuyafikia maandishi ya kipima-muda, basi amepata vitu viwili kwa mpigo mmoja: aweza kuchagua fanksheni yoyote ya kiini, na aweza kuchagua namba ya kuipa. Hana haja ya kufanya zaidi. Ataketi angoje, na muda ukifika kiini chenyewe kitamfanyia kazi yake.

Hilo halikuwa wazo la vitabuni tu. Mwaka 2017 mtafiti Andrey Konovalov aligundua kasoro katika sehemu ya kiini ishughulikiayo vifurushi vya mtandao, iliyoandikishwa kwa namba CVE-2017-7308. Katika kuonyesha ubaya wake alikitumia kipima-muda kilichokuwa karibu na mahali pa kasoro. Mahali pa fanksheni aliweka anwani ya fanksheni ya kiini iandikayo katika rejesta moja ya prosesa. Na mahali pa amana aliweka namba ambayo, ikiandikwa humo, huondoa kinga inayozuia kiini kisitekeleze maagizo yaliyowekwa na programu ya kawaida. Kipima-muda kikaita, kinga ikaondoka, na mlango ukabaki wazi kwa hatua ya pili. Fanksheni ile ilikuwa na haki ya kuwapo, na namba ile ilikuwa namba tu. Hapakuwa na kiambishi cha kuonyesha kwamba hivyo viwili havikupatana.

Mwito mpya

Matengenezo yaliongozwa na Kees Cook, mmoja wa watu washughulikiao usalama wa kiini. Wazo lake kuu lilikuwa jepesi: amana iondolewe kabisa, na fanksheni ipewe anwani ya kipima-muda chenyewe kilichoiita, ikiwa na aina yake kamili. Mwito mpya waitwa timer_setup, nao huandikwa hivi:

timer_setup(&k->timer, angalia_waya, 0);

Na fanksheni ikaanza hivi:

static void angalia_waya(struct timer_list *t)
{
    struct kadi *k = from_timer(k, t, timer);

Mtu atauliza: ikiwa fanksheni imepewa kipima-muda tu, yajuaje kadi? Jibu ni kwamba kipima-muda kimo ndani ya muundo wa kadi, mahali panapojulikana, kama jiko lilivyo mahali panapojulikana ndani ya nyumba. Mtu ajuaye kwamba jiko liko hatua kumi kutoka mlangoni, akipelekwa jikoni gizani, aweza kuufikia mlango kwa kurudi hatua kumi. Umbali huo katika muundo wa kadi huhesabiwa na kompaila yenyewe, si kwa kukisia, nayo from_timer hufanya kutoa huko kwa niaba ya mwandishi. Kompaila sasa yaweza kukagua: mtu akijaribu kukiandaa kipima-muda kwa fanksheni itakayo namba tupu, atakataliwa kabla programu haijapata kutumika.

Mvamizi naye amepunguziwa nguvu, ingawa hakunyang'anywa zote. Anwani ya fanksheni ingali imo katika muundo, nayo yaweza kuharibiwa. Lakini fanksheni hiyo haitapewa tena namba aliyoichagua yeye. Itapewa anwani ya kipima-muda, ambayo mara nyingi haimfai kwa hila kama ile iliyoelezwa. Tena, kwa kuwa fanksheni za vipima-muda sasa zina sura yake pekee, kinga zinazolinganisha sura ya fanksheni na sura ya mwito zaweza kuzitenga na fanksheni nyingine zote zipokeazo namba moja.

Si kila kiendeshi kilichogeuzwa kwa wepesi huo. Katika kiendeshi cha diski laini, amana haikuwa anwani. Ilikuwa kweli namba, yaani namba ya diski ambayo mota yake yapaswa kuzimwa. Hapo hapakuwa na muundo wa kurudi nyuma kuutafuta. Lakini vipima-muda vya mota vyote vimepangwa katika safu moja ya vinane. Basi fanksheni mpya huchukua anwani ya kipima-muda kilichoiita, huitoa anwani ya mwanzo wa safu, na jawabu ndilo namba ya diski. Kisha hukagua kwamba namba hiyo haijapita mipaka ya safu kabla ya kuigusa mota. Maana iliyokuwa ikibebwa katika namba sasa yabebwa na mahali, kama vile katika sentensi mpangilio wa maneno uwezavyo kueleza yale ambayo kwingine hubebwa na kiambishi.

Kazi ya kuwageuza wasemaji wote

Miito ya zamani ilikuwa imetapakaa katika mamia ya mafaili, yenye mikono ya waandishi wengi na mitindo mingi. Kuigeuza yote usiku mmoja kungekuwa hatari. Na kuigeuza kidogo kidogo kulileta swali: kiini kitawezaje kuita fanksheni za namna mbili kwa wakati mmoja? Daraja lilipatikana kwa ujanja mzuri. Mwito mpya ulipoletwa kwanza, ulikiandaa kipima-muda kwa njia ile ile ya zamani, ila mahali pa amana uliweka anwani ya kipima-muda chenyewe. Kwa hiyo kiini kiliendelea kukabidhi amana kama desturi yake. Fanksheni ya zamani iliipokea kama namba, na fanksheni mpya iliipokea kama kipima-muda. Kila kiendeshi kikaweza kugeuzwa peke yake bila kuwasumbua jirani.

Sehemu kubwa ya ugeuzaji ilifanywa kwa msaada wa programu iitwayo Coccinelle, iliyotungwa na Julia Lawall na wenzake. Jina hilo katika Kifaransa ni la yule mdudu mdogo mwekundu mwenye madoa, alaye wadudu waharibifu. Programu hiyo haibadilishi herufi kwa herufi kama mtu atafutaye neno na kulibadilisha. Huelewa muundo wa sentensi za C. Huambiwa kwamba palipo na mwito wa sura hii, pamoja na fanksheni inayoanza kwa sura hii, viandikwe vyote viwili kwa sura ile. Mahali palipokuwa na mambo ya pekee, kama pale penye diski laini, watu walihariri kwa mkono.

Kazi ilikamilika katika toleo la 4.15 la Linux, lililotoka tarehe 28 Januari 2018. Katika toleo hilo setup_timer iliondolewa, na nafasi ya amana ikafutwa katika muundo, hata kila kipima-muda kikapungua baiti 8 katika mashine za biti 64. Kuondolewa huku kulikuwa sehemu ya lazima. Lau mwito wa zamani ungaliachwa kando ya mpya, waandishi wangaliendelea kuunakili kutoka mafaili ya kale, na hatari ingalibaki pale pale.

Hapa ndipo lugha ya kiini inapotofautiana na lugha ya watu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliweza kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 iliweza kusanifisha tahajia na kukagua vitabu. Lakini hapana kamati iwezayo kuliondoa umbo katika vinywa vya wasemaji. Katika kiini maandishi ya wasemaji wote yamo katika ghala moja, na abadilishaye mwito aweza kuwabadilisha waitaji wote pamoja nao. Kwa sababu hiyo wakuu wa Linux hawakuahidi kamwe kwamba miito ya ndani itadumu. Ahadi yao ni ya nje tu: miito ambayo programu za kawaida hukitumia kiini haipaswi kuvunjwa.

Wapo hata hivyo wanaokaa nje ya ghala. Viwanda vingine hutoa viendeshi vyao mbali mbali na Linux yenyewe, na vingine vikauza chombo kisha vikakiacha. Kiendeshi cha namna hiyo, kilichoandikwa kwa mwito wa zamani, hakikuweza kujengwa tena kwa toleo la 4.15. Mwenye chombo alibaki na njia mbili: abaki na kiini cha zamani pamoja na kasoro zake, au apatikane mtu wa kukihariri kiendeshi, mara nyingi kwa kuandika sura zote mbili na kumwagiza kompaila achague kwa kufuata namba ya toleo. Usalama wa wengi ulipatikana, lakini gharama yake iliwaangukia waliokuwa pembezoni. Jambo hili halina budi kutajwa na kila asifuye matengenezo.

Neno "kufuta" na maana zake tatu

Baada ya mwito wa kuandaa, ilikuja zamu ya miito ya kuacha. Kwa miaka mingi mwito wa kuacha uliitwa del_timer, na del ni kifupi cha neno la Kiingereza la kufuta. Asomaye jina hilo atadhani kwamba baada ya mwito huo kipima-muda hakipo tena. Kumbe mwito hukiondoa kipima-muda katika foleni ya wanaongoja, basi. Ikiwa mashine ina prosesa mbili, na fanksheni imekwisha anza kwenye prosesa ya pili, mwito huo hauingoji imalize. Kiendeshi kikiiachilia kumbukumbu wakati huo, fanksheni itajikuta inasoma mahali palipokwisha gawiwa mwingine.

Kwa ajili hiyo palikuwa na mwito wa pili, del_timer_sync, ambao hungoja mpaka fanksheni imalize. Nao una mtego wake: mwitaji akiwa ameshika kufuli ambalo fanksheni yalitaka, mwitaji ataingoja fanksheni, na fanksheni itamngoja mwitaji, na hapana atakayeondoka. Isitoshe, mwito huo hauzuii kipima-muda kutiwa tena katika foleni baadaye. Kuna viendeshi ambamo kipima-muda huanzisha kazi fulani, na kazi hiyo ikiisha hukitia kipima-muda katika foleni upya. Ukianza kukiondoa kipima-muda, kazi hukirudisha; ukianza kuisimamisha kazi, kipima-muda huiamsha. Mduara huo hauna mwanzo ambapo mtu aweza kuukata.

Mwaka 2023, katika toleo la 6.2, uliongezwa mwito wa tatu, timer_shutdown_sync. Huu hukiondoa kipima-muda, huingoja fanksheni, kisha huifuta anwani ya fanksheni katika muundo, hata jaribio lolote la kukitia tena katika foleni lipuuzwe kimya. Hatimaye, katika toleo la 6.15 lililotoka mwezi Mei 2025, miito ya zamani ilipewa majina mapya katika kiini chote, timer_delete na timer_delete_sync. Na katika toleo la 6.16, lililotoka mwezi Julai mwaka huo huo, from_timer ikawa timer_container_of. Kazi ya miito hiyo haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba jina la kitu limewekwa mbele na tendo likafuata, hata miito ya kipima-muda itambulikane mara moja kwa mwanzo wake, kama maneno ya ngeli moja yatambulikanavyo kwa kiambishi.

Funzo kwa watunga istilahi

Istilahi nyingi za kompyuta katika Kiswahili zilitungwa kwa ajili ya yale ambayo mtumiaji huyaona katika kioo. Ndivyo ilivyokuwa katika Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 kwa juhudi za mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Na kazi hiyo ilikuwa ya maana, maana ilionyesha kwamba mtu aweza kuandika na kuhesabu kwa kompyuta iliyovaa Kiswahili. Istilahi za ndani ya kiini ni kazi nyingine. Asomaye hapa ni mwanafunzi atakaye kuandika au kutengeneza kiendeshi, na neno lisilolingana na tendo litamwongoza kwenye kosa.

Ikiwa del_timer itatafsiriwa "futa kipima-muda", mwanafunzi ataiachilia kumbukumbu mapema, naye atakuwa amelitii neno alilopewa. Yafaa basi matendo matatu yapewe vitenzi vitatu. Timer_delete ni kuondoa, kwa maana ya kuondoa katika foleni. Timer_delete_sync ni kuondoa na kungojea. Timer_shutdown_sync ni kufunga, kwa maana ile ya kufunga duka lisifunguliwe tena. Vivyo hivyo mwito uitwao mod_timer, ambao jina lake la Kiingereza ladokeza kurekebisha, kwa kweli hukitia katika foleni hata kipima-muda kilichokuwa kimelala. Kitenzi "kupanga" chaueleza vizuri zaidi kuliko "kurekebisha". Na mwito wa timer_setup ni kuandaa tu, wala si kuanzisha, maana baada yake kipima-muda hakijaanza kungoja chochote.

Pendekezo hili laweza kupingwa na kuboreshwa, na ni vema lifanyiwe hivyo na wale wazijuao fani zote mbili. Lakini njia ya kulipinga ni moja: kukitazama kitendo chenyewe, hatua kwa hatua, na kuuliza ni kitenzi kipi cha Kiswahili kinachokubali kufanya kazi hiyo. Wahandisi wa Linux walitumia miaka kadhaa kuyarudisha majina yao karibu na matendo, baada ya kuona hasara ya kuyaacha mbali. Kiswahili, kinapoingia katika uwanja huo baada yao, kina nafasi ya kuanza pale walipofikia.